Tofali Lenye Majina Mawili: Mwanamke wa Tabaka la Juu, Kiwanda na Historia Mbadala katika Usomaji wa Fasihi Jinja na Mbale

Ikisiri

Makala hii inahakiki umbo moja la masimulizi ya historia mbadala, yaani hadithi ya mwanamke wa tabaka la juu ambaye, katika Roma ya kale isiyopata kuwapo, anasimamia kuzaliwa kwa viwanda kwa busara na kwa hesabu. Hoja kuu ni kwamba utendaji anaosifiwa mhusika huyo hupimwa kwa mizani pungufu, kwa kuwa hesabu yake haimjumuishi mfanyakazi. Hoja inajengwa kwa kulinganisha masimulizi hayo na matofali ya Domitia Lucilla wa Roma, Utendi wa Mwana Kupona (1858), kumbukumbu za Sayyida Salme (1886) na historia ya viwanda vya Jinja tangu 1954. Inaonyeshwa pia kuwa msamiati wa Kiswahili, wa pwani na wa Uganda, umehifadhi kile ambacho masimulizi huacha. Makala inatoa mapendekezo kwa wanaoteua na kuandika vitabu vya Kiswahili kwa shule za Uganda.

Maneno muhimu: historia mbadala, uungwana, kiwanda, kibarua, Jinja, Mbale

1.0 Utangulizi

Tarehe 29 Aprili 1954, Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alifungua rasmi bwawa la umeme la Owen Falls, Jinja. Bwawa hilo, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilikusudiwa kuzalisha megawati 150, na umeme wake ndio uliotarajiwa kuugeuza mji mdogo wa kando ya mto Nile kuwa mji wa viwanda. Kiwanda cha nguo cha Nyanza kilisimama katika muongo huohuo, na shaba iliyochimbwa Kilembe, magharibi mwa nchi, ikaletwa Jinja kuyeyushwa. Katika historia ya viwanda vya mji huo, uzinduzi ule ndio picha mashuhuri ya mwanamke wa tabaka la juu akiwa karibu na mtambo. Hata hivyo, Malkia hakuupanga mradi, hakulipa mishahara wala hakusimamia kazi. Alialikwa kuuzindua.

Masimulizi ya historia mbadala hutoa picha iliyo kinyume cha hiyo. Historia mbadala ni utanzu wa bunilizi unaochukua wakati unaojulikana, ukageuza jambo moja, kisha ukafuata matokeo yake. Mojawapo ya maumbo yake ni hadithi ya Roma ya kale inayopata mitambo kabla ya wakati wake. Katika umbo linalohakikiwa hapa, anayeshika usukani ni mwanamke wa ukoo mkubwa. Hapigani vitani wala hatafuti kiti cha enzi. Anakagua ghala, anapatana bei ya makaa, anaajiri wahunzi, anafunga hesabu za mwezi. Sifa yake kuu ni utendaji, na msomaji huvutwa na furaha ya kuona kazi ikienda.

Makala hii inauliza swali moja: je, hesabu za bibi huyu zimekamilika? Swali hili lina uzito kwa Uganda ya leo. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kukitumia kama lugha rasmi kulingana na maagizo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kukifanya somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Vitabu vitahitajika, na pamoja navyo mifano ya wahusika wa kike ambao wanafunzi wa Jinja na Mbale wataitazama na kujipima nayo. Mhusika wa kike mwenye ghala, kalamu na mamlaka ni mfano unaopendeza. Ndiyo maana unapaswa kuhakikiwa kabla haujazoeleka.

2.0 Roma yenye mitambo na nafasi ya mwanamke

Msingi wa umbo hili unaonekana katika riwaya ya L. Sprague de Camp, Lest Darkness Fall, iliyochapishwa kwanza gazetini mwaka 1939. Martin Padway, mwanaakiolojia wa Marekani, anajikuta Roma ya mwaka 535 Baada ya Kristo. Anaanza kwa kutonesha pombe kali, anafundisha uwekaji wa hesabu, kisha anaanzisha uchapaji na minara ya kupelekeana habari. Fadhila ya riwaya hiyo ni kwamba uvumbuzi hauji kwa muujiza: Padway anahangaika kupata mtaji na karatasi, na jaribio lake la kutengeneza baruti linashindwa. Lakini binti wa kifalme Mathaswentha anaingia katika hadithi kama suala la mapenzi na ndoa. Hapewi ghala wala daftari. Kwa hiyo mwandishi yeyote anayemkabidhi mwanamke wa Roma usimamizi wa uzalishaji anasahihisha kasoro ya kweli ya utanzu huu.

Usahihishaji huo hauendi kinyume cha historia kama inavyodhaniwa mara nyingi. Roma haikukosa mitambo. Heron wa Aleksandria, katika karne ya kwanza, alieleza chombo kilichozungushwa na mvuke. Huko Barbegal, karibu na mji wa Arles kusini mwa Ufaransa ya leo, Warumi walijenga mteremko wa vinu vya kusaga nafaka wenye magurudumu 16 ya maji. Msomaji wa Jinja, anayejua thamani ya maporomoko, ataielewa Barbegal bila maelezo marefu. Kwa nini basi maarifa hayo hayakuzaa mapinduzi ya viwanda? Wanahistoria wamelijadili swali hilo kwa muda mrefu, na kazi ya watumwa ni mojawapo ya mambo wanayoyapima, pamoja na nishati, mtaji na masoko.

Hapa ndipo udhaifu wa kwanza wa umbo hili unapojitokeza. Hadithi hujibu swali la mtambo kwa ukarimu mwingi, lakini swali la kazi hulijibu kwa sentensi moja au mbili: bibi aliwaacha huru watumwa wake, nao wakabaki kumfanyia kazi kwa moyo mweupe. Uhuru unakuwa zawadi ya tabia njema ya mmiliki. Hauelezwi kama mabadiliko yanayogusa bei, saa za kazi, haki ya kuondoka na haki ya kukataa. Kisanaa, hilo ni tatizo la uhalisi. Mhusika aliyetuonyesha kwa kurasa nyingi namna ya kupima unene wa chuma hawezi kuaminika anapomaliza suala la ujira kwa tabasamu.

3.0 Ushahidi wa tofali

Mwanamke wa tabaka la juu aliyemiliki uzalishaji mkubwa katika Roma hakuwa ndoto. Domitia Lucilla, mama wa mfalme Marcus Aurelius aliyetawala kuanzia 161 hadi 180, alirithi kutoka kwa mama yake, aliyeitwa pia Domitia Lucilla, biashara ya matofali karibu na mji wa Roma. Matofali hayo yalipigwa mihuri, na mingi imesalia. Mihuri ya Roma ya wakati huo huweza kutaja machimbo ya udongo, mmiliki wa ardhi, msimamizi wa karakana, na hata makonsuli wa mwaka husika. Mihuri ya mwaka 123 ni mingi kwa namna ya pekee.

Jambo la kuzingatia ni majina. Katika muhuri mmoja huweza kuwapo jina la bibi mwenye ardhi na jina la msimamizi, ambaye mara nyingi alikuwa mtumwa au mtu aliyekwisha kuachwa huru. Baadhi ya wasimamizi hao walikuwa wanawake. Tofali dogo la kujengea ukuta, basi, lina ukweli wa kijamii ambao hadithi ndefu ya kubuni huweza kuukosa: lina majina mawili. Jina la kwanza linatuambia nani alimiliki; la pili linatuambia kazi ilipita mikononi mwa nani.

Ni vyema kuongeza tahadhari. Jina la pili si la mwisho. Waliochimba udongo, waliobeba kuni na waliochochea tanuri hawakupigiwa muhuri. Lakini jina la pili linafungua mlango. Likishaonekana, msomaji analazimika kuuliza kuhusu la tatu na la nne. Historia mbadala inayohifadhi jina la kwanza pekee inaufunga mlango ambao hata Warumi wenyewe, wakiwa wamiliki wa watumwa, waliuacha wazi kidogo. Kutokana na hilo, makala hii inalitumia tofali kama kipimo cha uhakiki: matini inayomsifu msimamizi ihakikiwe kwa kutazama ni majina mangapi yamo katika muhuri wake.

4.0 Uungwana na hesabu: Mwana Kupona na Salme

Fasihi ya Waswahili ina wanawake wawili wa tabaka la juu wanaostahili kuwekwa kando ya bibi wa Roma. Wa kwanza ni Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Wahakiki wamebishana kuhusu utii kwa mume unaohimizwa humo, wengine wakiuona kuwa ni mfumodume uliokubaliwa, wengine wakisikia chini yake sauti ya mama mwenye akili anayemfundisha bintiye kuishi ndani ya mipaka aliyowekewa. Mabishano hayo yameufunika upande mwingine wa utendi. Utendi huo pia ni mwongozo wa utawala wa nyumba: usafi, mpangilio, ulimi, namna ya kuhusiana na watu wa kila daraja. Miongoni mwa mawaidha yake ni kwamba binti asichanganyike na watumwa ila katika shughuli za kazi.

Sharti hilo lina maana kubwa kwa hoja iliyopo. Katika nyumba ya mwungwana, kazi ndiyo njia pekee iliyoruhusiwa ya kukutana na mtumwa, na ndiyo pia iliyomfanya asionekane kama mtu mwenye neno lake. Usimamizi bora wa nyumba ulijengwa juu ya umbali. Anayeufundisha utendi huu darasani kama kielelezo cha busara ya kike bila kuisoma beti hiyo anafanya kile kile kinachofanywa na mwandishi wa Roma yenye mitambo: anahifadhi jina moja.

Wa pili ni Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, na kujulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mjini Berlin mwaka 1886. Huyu ndiye aliye karibu zaidi na mhusika wa historia mbadala. Alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa kuandika hakukuhesabiwa kuwa elimu ya binti. Mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipopanga kuuondoa utawala wa ndugu yao Majid, Salme, akiwa na umri wa miaka 15, ndiye aliyewaandikia barua wapanga njama. Baada ya njama kushindwa alikaa kwa muda katika mashamba, Kizimbani na kisha Bububu. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, na baada ya mume wake kufariki mwaka 1870 alibaki Ujerumani na watoto wa kulea na matumizi ya kupanga.

Utendaji wa Salme hauna shaka. Maelezo yake kuhusu jikoni, mavazi, safari, mirathi na mashamba ni ya mtu aliyezoea kuona jinsi vitu vinavyopatikana na kugawanywa. Lakini sura anayoiandika kuhusu utumwa ina sauti nyingine. Humo anautetea utumwa wa Unguja kuwa ulikuwa mpole kuliko Wazungu walivyodhani, analaumu haraka ya kuukomesha, na anawahukumu Waafrika kuwa ni wavivu wasiofanya kazi bila kushurutishwa. Mwandishi aliye makini kuhusu kitambaa anakuwa mzembe kuhusu mikono iliyolima karafuu. Si kwamba hakuwaona. Aliwaona kila siku. Hakuwaweka katika hesabu.

Kasoro hiyo isichukuliwe kuwa ya kimaadili tu. Ni kasoro ya kiutendaji pia. Mwaka 1873, chini ya shinikizo la Uingereza, Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja, na mwaka 1897 ikatolewa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Wenye mashamba walilazimika kujadiliana na watu ambao kwa vizazi hawakujadiliana nao. Tabaka lililojivunia kusimamia mali lilikuwa limeacha nje ya daftari kipengele kilichoamua hatima ya mali hiyo. Kwa mizani yake yenyewe, utendaji usiojua bei ya kazi si utendaji kamili.

5.0 Msamiati unaokumbuka

Ikiwa matini za tabaka la juu zimeacha jina la pili, lugha yenyewe haikuliacha. Maneno matatu yanatosha kulionyesha hilo.

La kwanza ni kiwanda. Kabla ya kuwa jumba lenye mitambo, kiwanda kilikuwa eneo la wazi la kufanyia kazi ya mikono, neno likiwa na uhusiano na uwanda. Kimsingi, kiwanda ni mahali ambapo watu hukutana kufanya kazi. Mtambo uliingia baadaye.

La pili ni kibarua. Katika mashamba na mji wa Unguja, mfanyakazi wa siku alipewa karatasi ndogo, barua ndogo, kuthibitisha kazi aliyoifanya, na mtu akaitwa kwa jina la karatasi yake. Miongoni mwa vibarua wa mjini walikuwamo watumwa waliokodishwa, ambao ujira wao uligawanywa na mabwana zao. Neno hili likiwekwa kando ya maisha ya Salme, linazungumza kwa sauti kubwa. Katika mji mmoja, karne moja, barua ilikuwa mikononi mwa binti wa mfalme kama chombo cha mamlaka, na mikononi mwa mchukuzi kama uthibitisho kwamba leo alikuwapo kazini. Salme alijulikana kwa kuandika barua. Mwingine akawa barua.

La tatu ni mjakazi. Msikilizaji wa leo hulisikia neno kazi mwishoni, na huenda akadhani kuwa mjakazi ni mtu aliyekuja kwa kazi. Asili yake ni nyingine: mja ni mtumwa, na kiambishi -kazi ni kile cha kale chenye maana ya jinsia ya kike, kinachoonekana hadi leo katika neno omukazi, yaani mwanamke, la Kiganda na la Kisoga. Mwanafunzi wa Jinja analo ufunguo wa neno hili katika lugha ya nyumbani kwake, pengine kuliko mwanafunzi wa pwani. Kwake, neno lililofifia maana yake katika Kiswahili linarudi kuwa mwanamke kamili: mwanamke aliye mtumwa. Hilo ndilo jina la pili ambalo Utendi wa Mwana Kupona unaligusa na kulipita.

6.0 Jinja na Mbale: hadithi isiyoandikwa

Jinja ilianza kubuniwa kama mji wa viwanda kabla ya viwanda vyenyewe. Winston Churchill alipopita mwaka 1907, aliyatazama maporomoko ya Ripon na kuandika kuhusu kuitega nguvu ya maji yake kwa ajili ya uzalishaji. Katika maana pana, huo nao ulikuwa usimulizi wa wakati usiokuwapo, ulioandikwa na mtu aliyeona maji na faida. Mwaka 1912 reli ya Busoga iliiunganisha Jinja na Namasagali. Kikosi cha jeshi la King's African Rifles kilikuwa na kambi mjini humo. Muljibhai Madhvani alijenga kiwanda cha sukari Kakira. Shirika la umeme liliundwa mwaka 1948, na Shirika la Maendeleo la Uganda mwaka 1952.

Waliokuja kufanya kazi, wengi wao wakiwa wanaume, walitoka Busoga, Buganda, kaskazini mwa Uganda, Kenya na kwingineko. Cyril na Rhona Sofer waliuchunguza mji huo ukibadilika na kuchapisha matokeo yao mwaka 1955. Katika mchanganyiko wa namna hiyo, Kiingereza kilikuwa lugha ya juu ya ofisi, Kigujarati kilizungumzwa katika familia nyingi za wafanyabiashara, na Kiswahili kilitumika pale ambapo watu wa lugha mbalimbali walihitaji kuelewana kazini, relini na kambini. Kiswahili cha Uganda, kwa hiyo, hakikuingia kwa mlango wa uungwana. Kiliingia kwa mlango wa kazi na wa jeshi, na mlango huo wa pili ndio uliokiachia sifa mbaya iliyowachukua Waganda wengi miaka mingi kuisahau.

Mwanamke wa tabaka la juu hakukosekana Uganda. Katika Buganda, Namasole, mama wa Kabaka, alikuwa na jumba lake, ardhi yake na machifu wake, na Mkataba wa 1900 ulimtambua katika ugawaji wa ardhi. Hapa palikuwa na mamlaka ya kike yenye watu, mali na utaratibu. Uchumi wa kikoloni uliitambua kama heshima ya kimila, lakini usimamizi wa viwanda ukapita mikononi mwa mashirika, makampuni na familia za wenye mitaji. Mwandishi wa Uganda anayetaka historia mbadala hana haja ya kusafiri hadi Roma. Swali liko karibu: ingekuwaje kama mtaji wa umeme wa Jinja ungepitia katika taasisi za kike zilizokuwapo? Lakini swali hilo likiulizwa bila kumtaja mpishi, mfua nguo na mfanyakazi wa zamu ya usiku, litazaa jumba jingine la kifahari lenye muhuri wa jina moja.

Mbale inatoa somo la karibu. Chama kikuu cha ushirika cha Bugisu kiliundwa mwaka 1954, mwaka uleule wa uzinduzi wa bwawa, ili wakulima wa kahawa ya arabika ya mlima Elgon wawe na sauti katika soko la zao lao. Tofauti kati ya matukio hayo mawili inastahili kuwa kiini cha riwaya. Upande mmoja umeme unazinduliwa kutoka juu. Upande wa pili wazalishaji wanadai daftari. Hata hivyo, kahawa inayochumwa, kubanguliwa na kuanikwa kwa kazi kubwa ya wanawake huandikwa kwa kawaida kwa jina la mwenye shamba, ambaye mara nyingi ni mwanamume. Tofali linajirudia katika gunia.

Historia iliyofuata nayo imehifadhiwa katika maneno ya Kiswahili. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia, na mali zao, viwanda vikiwamo, zikagawanywa. Waganda waliwaita waliotajirika kwa njia hiyo mafuta mingi, na biashara ya kificho iliyokua bidhaa zilipoadimika wakaiita magendo. Mwalimu wa sarufi atasema kuwa Kiswahili sanifu kinadai mafuta mengi. Mhakiki atasema kuwa katika kosa hilo la upatanisho kuna usahihi wa kihistoria: wananchi walipotafuta neno la kuhukumu uhamishaji wa viwanda kutoka mkono mmoja hadi mwingine, bila mfanyakazi kuulizwa, walilipata katika lugha ya kazi.

7.0 Pingamizi na jibu lake

Huenda ikadaiwa kuwa uhakiki huu unaidai burudani ushuru ambao haudaiwi. Msichana wa Mbale, itasemwa, anahitaji kuona mwanamke anayeamuru na kuhesabu. Kumwekea mzigo wa historia ya utumwa ni kumnyima furaha ambayo wavulana wameipata kwa Padway na wenzake. Pingamizi hili lina ukweli. Kalamu ya Salme ilikuwa ushindi, na hakuna hoja ya kitabaka inayoweza kuufuta. Mhusika wa kike anayejua bei ya makaa ni hatua mbele ya mhusika wa kike anayesubiri kuolewa.

Lakini jibu liko ndani ya furaha hiyohiyo. Msomaji wa hadithi hizi hufurahia ugumu unaoshindwa kwa akili. Ujira, mgomo, mkataba na lugha ya kuelewana kiwandani ni ugumu wa aina hiyo, na ni mgumu kuliko chuma. Kuli (1979) ya Shafi Adam Shafi, inayosimulia mapambano ya wachukuzi wa bandari ya Unguja, inaonyesha kuwa kazi na mgomo huweza kubeba riwaya nzima bila kupoteza mvuto. Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert na Walenisi (1995) ya Katama Mkangi zinaonyesha kuwa Kiswahili kina mapokeo yake ya kubuni nchi zisizokuwapo ili kuzihukumu zilizopo. Kinachokosekana ni kukutana kwa mapokeo hayo mawili, yaani nchi ya kubuni yenye kiwanda, bibi mwenye daftari, na kibarua anayeweza kulisoma daftari hilo na kulibishia.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala imeonyesha kuwa bibi mtendaji wa Roma yenye mitambo anasahihisha upungufu wa kijinsia wa utanzu wake huku akiuacha wazi upungufu wa kitabaka. Domitia Lucilla, Mwana Kupona na Salme, kila mmoja kwa namna yake, wanathibitisha kuwa wanawake wa tabaka la juu walisimamia mali na watu. Wanathibitisha pia kuwa usimamizi huo ulitegemea watu ambao matini ziliwataja kwa shida. Kwa Jinja na Mbale jambo hili linaamua ni Kiswahili kipi kitakachoingia darasani: kile kinachomfundisha mwanafunzi kuwa lugha hii ni ya jumba la mtu mwingine, au kile kinachomkumbusha kuwa babu na bibi zake walifanyia kazi lugha hii na kuiongezea maneno.

Mapendekezo matatu yanatokana na hoja hiyo. Kwanza, mitaala ya Kiswahili nchini Uganda inapoteua matini za kale, miongozo ya walimu ielekeze usomaji wa sehemu zinazohusu watumwa na watumishi pamoja na zile zinazohusu adabu na busara. Pili, idara za Kiswahili za vyuo vikuu, kikiwamo Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilichopo Nkoma, Mbale, zikusanye masimulizi ya wanawake na wanaume waliofanya kazi katika viwanda vya Jinja na katika mnyororo wa kahawa ya Elgon, kwa Kiswahili walichokitumia, bila kukisanifisha kabla ya kukirekodi. Kazi hii haiwezi kusubiri: vijana walioingia viwandani katika miaka ya 1950 ni wazee wa umri mkubwa sasa. Tatu, wachapishaji na taasisi zinazohimiza uandishi mpya waipe nafasi bunilizi ya historia mbadala ya Afrika Mashariki, na katika kuihukumu watumie kipimo kilichopendekezwa hapa.

Kipimo hicho hakihitaji nadharia nzito. Mhakiki alichukue tofali lililofinyangwa na mwandishi, aligeuze, asome muhuri. Likiwa na jina la mmiliki pekee, kazi ya mwandishi haijakwisha.